Resitali ya Horowitz mjini Moscow, 20 Aprili 1986: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya hurudi kila filamu ya resitali hii inapooneshwa kwa wanafunzi wa piano, au kipande chake kinapozunguka kwenye simu za wanakwaya. Yamepangwa kuanzia ya mwanzo kabisa hadi yale ya wadadisi. Si lazima usome kwa mpangilio. Jibu likigusa jambo lililoelezwa kwingine, utaelekezwa huko.

## Mambo ya msingi

Resitali ni nini? Si tamasha tu?

Ni tamasha la mtu mmoja. Hakuna okestra, hakuna mwongozaji, hakuna mshereheshaji wa kuzungumza kati ya kipande na kipande. Mpiga piano anaingia, anainama, anaketi, anapiga. Akimaliza nusu ya kwanza watu wanapumzika, kisha anarudi kwa nusu ya pili.

Mtindo huu hauna umri mkubwa kama wengi wanavyodhani. Hadi miaka ya 1830, mpiga piano aliyefanya onyesho Ulaya alichangamana na waimbaji, wapiga fidla na hata okestra nzima, kwa kuwa iliaminika hakuna msikilizaji atakayevumilia piano tupu jioni nzima. Franz Liszt ndiye aliyethubutu. Mwaka 1839 alipiga peke yake Roma, akamwandikia rafiki kwa majivuno kwamba tamasha ni yeye mwenyewe. Mwaka uliofuata, Juni 1840, matangazo ya maonyesho yake London yakatumia jina hili la resitali, nalo likashika.

Horowitz ni nani?

Vladimir Horowitz alizaliwa mwaka 1903, akakulia na kusomea muziki Kiev, wakati huo ikiwa ndani ya himaya ya Urusi. Vitabu vya zamani vinaandika 1904. Inasemekana baba yake alimpunguza umri ili kijana asichukuliwe jeshini akaharibu mikono. Mwaka 1925 aliondoka Muungano wa Kisovieti kwenda Ujerumani, kwa maelezo ya kwenda kusoma, na hakurudi. Januari 1928 alipiga kwa mara ya kwanza Carnegie Hall, New York, na Marekani ikawa kwao. Mkewe, Wanda, aliyemwoa mwaka 1933, alikuwa binti wa mwongozaji wa okestra Arturo Toscanini.

Alikuwa na kipaji cha kutisha na neva dhaifu. Mara nne aliacha kabisa kupiga hadharani, mara moja kwa miaka 12, kuanzia 1953 hadi 1965. Mwaka 1983 alipiga vibaya Japani, mhakiki mmoja wa huko akamfananisha na chombo cha kale chenye nyufa, naye akajifungia tena. Kwa hiyo aliyepanda jukwaani Moscow alikuwa mzee wa miaka 82 ambaye miaka mitatu nyuma wengi walishamzika kimuziki.

Ilifanyika lini na wapi?

Jumapili, tarehe 20 Aprili 1986, saa kumi alasiri, katika Ukumbi Mkubwa wa Konsevatori ya Moscow, chuo cha muziki cha mji huo. Siku na saa hazikuwa za bahati. Katika uzee wake Horowitz alipiga Jumapili saa kumi alasiri popote duniani, na waandaaji walilijua hilo kabla hawajafungua kinywa.

Ukumbi wenyewe ulifunguliwa mwaka 1901 na huingiza watu wapatao 1,700. Kutani zimetundikwa picha za watunzi ndani ya fremu za duara. Kwenye filamu utaziona kila kamera inapopanda juu.

Kwa nini inazungumzwa hadi leo?

Kwanza, kurudi. Alikuwa hajakanyaga nchi aliyozaliwa kwa zaidi ya miaka 60. Baba yake alikamatwa enzi za Stalin na hakutoka hai. Wazazi hawakuwapo tena, lakini mpwa wake alikuwapo, akampokea.

Pili, siasa. Novemba 1985 Reagan, rais wa Marekani, na Gorbachev, kiongozi wa Kisovieti, walikutana Geneva, na moja ya mambo yaliyokubaliwa ni kubadilishana wasanii. Ziara hii ilitokana na makubaliano hayo. Siku tano tu kabla ya resitali, ndege za Marekani zilipiga mabomu Libya, rafiki wa Moscow, na uhusiano ukachacha upya. Resitali haikufutwa.

Tatu, na hili ndilo linalosahaulika kwenye simulizi za siasa, alipiga vizuri ajabu. Siasa iliisha, Muungano wa Kisovieti wenyewe uliisha, na rekodi bado inasikilizwa na watu ambao hawajui Reagan alikuwa nani.

Horowitz ndiye yule Mmarekani aliyeshinda shindano la Moscow?

Hapana. Huyo ni Van Cliburn, kijana wa Texas aliyeshinda Shindano la kwanza la Tchaikovsky mwaka 1958 akiwa na miaka 23. Ukumbi ni uleule, ndiyo maana watu huwachanganya. Horowitz hakuja kushindana na mtu.

## Programu

Alipiga nini hasa?

Nusu ya kwanza: Domenico Scarlatti kwa sonata (kazi za ala tupu, bila uimbaji), ambapo inayojulikana zaidi ni Sonata ya E meja, K. 380 (herufi K. imeelezwa kwenye swali la mwisho), kisha Sonata ya C meja ya Mozart, K. 330, kisha Warusi wawili, Rachmaninoff kwa preludi mbili, vipande vifupi vya Op. 32, yaani kazi yake namba 32 (namba 5 ya G meja na namba 12 ya G-shapu maina), na Scriabin kwa etyudi mbili, vipande vya kupima ufundi wa vidole (Op. 2 namba 1 na Op. 8 namba 12).

Nusu ya pili: valsi za Schubert zilizopangwa upya na Liszt (Soirées de Vienne namba 6), Soneti ya 104 ya Petrarca ya Liszt, mazurka mbili za Chopin (Op. 30 namba 4 na Op. 7 namba 3) na Polonezi ya A-flati, Op. 53, zote zikiwa za mtindo wa dansi za Kipolandi. Halafu vipande vya nyongeza, ambavyo vina swali lake hapo chini.

Mbona vipande vingi vifupi? Mpiga piano mkubwa si hupiga kazi ndefu?

Wako wanaojaza jioni kwa sonata tatu za Beethoven, na si kosa. Horowitz alikuwa wa mila nyingine, ya wapiga piano waliozaliwa karne ya 19 au mwanzoni mwa ya 20, ambao waliipanga jioni kwa mabadiliko ya sauti. Katika programu hii kazi pekee yenye sehemu tatu ni ile ya Mozart. Vingine vyote vinakwisha ndani ya dakika chache kila kimoja.

Ukiisikiliza kwa utaratibu wake utaona aina nyingi hapa haimaanishi kurundika majina ya watunzi. Scarlatti anaanza karibu bila pedali, sauti kavu na nyembamba. Mozart anaongeza uimbaji. Rachmaninoff analeta sauti zilizotandwa na ukungu, na ni Scriabin wa mwisho tu, etyudi ya Op. 8, anayelifungua piano lote kwa kishindo. Maana yake msikilizaji amekaa muda mrefu bila kupewa sauti kubwa kamili. Inapokuja, inatisha kwa sababu alinyimwa. Nusu ya pili inarudia safari hiyohiyo kwa rangi nyingine, kutoka dansi ya Vienna hadi polonezi. Mpigaji mwingine angeanza na polonezi ili kuwashika watu mapema, kisha asingekuwa na pa kwenda.

Scarlatti ni nani, na kwa nini aanze yeye?

Mwitaliano aliyezaliwa mwaka 1685, mwaka mmoja na Bach na Handel. Aliandika sonata 555, nyingi zikiwa za ukurasa mbili tatu, kwa ajili ya kinanda cha hapsikodi, kabla piano haijaenea. Nyingi aliziandikia mwanafunzi wake Maria Bárbara, binti mfalme wa Ureno aliyekuja kuwa malkia wa Hispania. Kwa msomaji wa Mombasa: baba wa binti huyo, Mfalme João wa Tano, ndiye ambaye askari wake waliirudisha Ngome ya Yesu mikononi mwa Wareno mwaka 1728 na kufukuzwa mwaka uliofuata. Mwaka huohuo wa 1729 Maria Bárbara aliolewa Hispania, na mwalimu wake akamfuata.

Kwa mpigaji, Scarlatti ni mtihani mkali wa kuanzia. Noti ni chache, kila moja inasikika, hakuna pa kujificha, na mikono bado ni baridi. K. 380 ina miito kama ya tarumbeta za mbali. Sikiliza Horowitz anavyoirudia kila mara kwa umbali tofauti.

Kwa nini walimu husisitiza Mozart wa jioni hii kuliko vipande vya kasi?

Kwa sababu ndicho kipande kigumu kuliko vyote, ingawa noti zake mwanafunzi wa miaka kadhaa anaweza kuzipata. Mimi niko upande wa walimu hao.

K. 330 ni sonata ya mwaka 1783 hivi, yenye sehemu tatu. Ya kati, Andante cantabile, iko kwenye F meja, inaingia kwenye F maina katikati, halafu inarudi. Katika hati ya mkono wa Mozart mwenyewe, mistari ya mwisho ya sehemu hii haimo. Ilionekana ilipochapwa. Ni vipimo vichache (vigawanyo vidogo vya muziki) vinavyochukua wazo la huzuni la F maina na kulisema tena kwa F meja. Horowitz anapofika hapo hafanyi lolote la kuonekana. Hapunguzi mwendo kwa makusudi, hainui mikono. Anabadilisha uzito wa kidole kimoja, cha sauti ya juu, na ile huzuni inalegea.

Wakosoaji wa Mozart wake wapo, na hoja yao ina uzito: anachukua uhuru mwingi na mwendo, anatia chumvi ya karne ya 19 kwenye muziki wa karne ya 18. Ni kweli. Ila alikuwa amechelewa kumfikia Mozart, akampiga zaidi na zaidi alipozeeka, na mwaka 1987 alirekodi Milano koncherto yake (kazi ya piano na okestra) ya A meja, K. 488. Anayesikia K. 330 hii anamsikia mtu anayegundua, na hilo mimi silibadilishi na usahihi wa kitaaluma.

Rachmaninoff na Scriabin walikuwa na uhusiano gani naye?

Wote wawili aliwajua. Akiwa mtoto alipelekwa kumpigia Scriabin, aliyefariki Aprili 1915. Akiwa Moscow mwaka 1986 alizuru nyumba ya Scriabin, ambayo sasa ni makumbusho.

Rachmaninoff, aliyeondoka Urusi mwishoni mwa 1917 na kutorudi hadi kifo chake mwaka 1943, alikutana na Horowitz New York mwaka 1928. Wakawa marafiki wa kudumu. Basi waliokaa ukumbini waliwasikia watunzi wao wenyewe kupitia mikono iliyowashika mkono. Ndiyo maana makofi baada ya Warusi hawa yana mlio tofauti na yale ya baada ya Scarlatti.

Mbona hakuna Bach, Beethoven wala Tchaikovsky? Si ni Moscow?

Programu ya aina nyingi haina wajibu wa kutimiza orodha. Kazi ya Tchaikovsky aliyoipenda ulimwengu kutoka kwake ilikuwa Koncherto ya kwanza, ile ya Carnegie Hall ya 1928, na koncherto huhitaji okestra. Kuhusu Beethoven, sonata moja nzito ingeivunja safari iliyoelezwa kwenye swali la vipande vifupi. Umri nao ulikuwa na neno. Mtu wa miaka 82 huchagua vita vyake.

Vipande vya nyongeza ni nini, na alipiga vipi?

Ni vipande visivyo kwenye programu, ambavyo mpigaji huvitoa makofi yasipokoma. Hapa vilikuwa vitatu.

Cha kwanza ni *Träumerei* ya Schumann, namba 7 kati ya vipande 13 vya *Kinderszenen*, vya mwaka 1838. Kuhusu kipande hiki soma swali la mtu anayelia, chini.

Cha pili ni *Étincelles*, yaani cheche, ya Moszkowski. Ni kichekesho cha vidole, chepesi na cha haraka, na Horowitz alikiongezea mwisho wake mwenyewe. Watu hukishangilia sana kwenye simu. Kwangu ni pipi.

Cha tatu ni *Polka de W.R.* ya Rachmaninoff, ya mwaka 1911. Herufi hizo ni za Wassily Rachmaninoff, baba wa mtunzi, aliyekuwa akiipiga polka hiyo nyumbani na mwanawe akaamini ni ya baba. Baadaye ilibainika wimbo ni wa Mjerumani Franz Behr. Jina halikubadilishwa.

## Piano na mikono

Ni kweli alisafiri na piano yake kutoka Marekani?

Kweli. Ilikuwa Steinway kubwa ya tamasha iliyokaa sebuleni kwake New York. Piano za ukubwa huo zina urefu wa sentimita 274 na uzito wa karibu kilo 480, kwa hiyo haikupita mlangoni. Ilitolewa dirishani kwa winchi, ikapandishwa ndege. Fundi wake wa miaka mingi, Franz Mohr wa kampuni ya Steinway, alisafiri kuitunza na kuisawazisha.

Haikuwa deko tu, ingawa Horowitz alikuwa na deko. Huko Moscow alifikia nyumbani kwa balozi wa Marekani, na hata samaki aliyemla kila siku alipangiwa utaratibu maalumu. Piano hiyo iliandaliwa kwa namna yake: vibao vyepesi sana kubonyeza, vinavyorudi juu haraka, na sauti kali inayong'aa. Kwenye vibao vyepesi hivyo, kidole kikizidisha uzito kidogo tu sauti inaruka. Wengine waliojaribu kuipiga waliona inawakimbia. Kwake, wepesi huo ndio uliompa ngazi nyingi kati ya kunong'ona na kuongea.

Mwalimu wangu anasema vidole vikunjwe. Mbona yeye anapiga vidole vimenyooka?

Mwalimu wako yuko sahihi kwako. Horowitz aliketi chini, akashusha viganja, akanyoosha vidole karibu bapa, na kidole kidogo cha mkono wa kulia mara nyingi kilijikunja ndani hadi dakika kilipohitajika, kikatoka kupiga na kurudi. Kwa nadharia zote ni makosa. Kwake kiliwezekana kwa mikono yake, piano yake (soma swali lililotangulia) na mazoezi ya tangu utotoni.

Kitu cha kuiga ni kingine: tazama uso na mabega. Hata kwenye polonezi, mkono wa kushoto unapokimbia oktava mfululizo, juu ya viwiko hakuna kinachotikisika.

Anakosea noti, au masikio yangu?

Anakosea, si mara moja. Ziko noti zilizoteleza kwenye etyudi ya Op. 8 ya Scriabin, ambapo mkono wa kushoto unaruka masafa marefu, na kwenye polonezi. Ni onyesho la hadhara la mzee wa miaka 82, na Horowitz tangu ujanani aliona heri kuhatarisha kuliko kujihami. Ukitaka kila noti mahali pake zipo rekodi elfu za studio.

Anapiga bila nota, yaani karatasi za muziki. Ni lazima?

Si lazima, ni desturi. Clara Wieck, aliyekuja kuolewa na Schumann, alipopiga bila nota Berlin mwaka 1837 alisemwa kuwa ana kiburi. Kufikia mwisho wa karne ile jambo hilohilo likawa sharti lisiloandikwa. Wapo wapigaji wakubwa wa siku hizi wanaoweka nota au tableti mbele yao, na hakuna anayewarudishia tiketi.

## Ukumbini

Tiketi zilipatikanaje?

Kwa tabu. Sehemu kubwa ya viti iligawiwa kwa maafisa, wanadiplomasia na watu wa vyama vya sanaa. Chache ndizo zilizouzwa dirishani, na watu walipanga foleni usiku. Ijumaa iliyotangulia kulikuwa na mazoezi ya wazi ambapo wanafunzi wa konsevatori walijaza ukumbi, na wengi wanaosema "nilimsikia Horowitz" walimsikia siku hiyo.

Jumapili yenyewe, geti lilipofunguliwa ili gari lake liingie, kundi la vijana wasio na tiketi lilivunja safu ya polisi na kukimbilia ndani. Baadhi walitolewa. Waliobaki walisimama ghorofani wakiwa wamebanana, na ndio wanaosikika kushangilia kwa sauti kuliko wote.

Makofi yapigwe lini? Nilidhani kati ya sehemu hairuhusiwi.

Desturi ya leo: kazi yenye sehemu kadhaa, kama ile sonata ya Mozart, hupigiwa makofi mwisho wa sehemu zote. Vipande vifupi vilivyopangwa kwa jozi, kama mazurka mbili, hupigiwa baada ya jozi. Ukiwa na shaka, tazama mikono ya mpigaji: ikiwa bado juu ya vibao au inaelea karibu, ngoja. Ikishuka mapajani, piga.

Enzi za Mozart mwenyewe watu walipiga makofi katikati ya sehemu, naye alifurahi. Kwa hiyo ukiwahi kidogo hujavunja sheria ya Mungu.

Wale wanaompelekea maua jukwaani ni sehemu ya onyesho?

Ni wasikilizaji. Urusi mtu hununua maua yake, husubiri kipande kiishe, hutembea hadi mbele na kumkabidhi msanii mkononi. Aliyehudhuria taarabu akaona watu wakiinuka kumtuza mwimbaji hatapata shida kuelewa. Idadi ya maua lazima iwe witiri, maana shufwa ni ya msibani.

Yule mwanamume anayelia wakati wa *Träumerei* ni nani?

Sura yake imezunguka dunia: kamera inamkuta kaketi, hatikisiki, chozi linashuka shavuni, wala halifuti. Watu wamemtungia hadithi za kila namna, wengine wakimfanya rafiki wa utotoni wa mpigaji. Achana nazo.

La kuuliza ni kwa nini hapo, na si kwenye Rachmaninoff. *Träumerei* ni ukurasa mmoja. Wimbo unapanda, unafika juu, unashuka, unapanda tena kwa kimo tofauti kidogo. Kila Mrusi wa umri ule aliujua, na watoto wa Kiev waliojifunza piano waliupiga. Horowitz alikuwa ameupiga kama nyongeza kwa miongo mingi, na hapa anaupiga bila kuusukuma, sauti ikipungua pale ambapo wengi wangeipandisha. Baada ya jioni nzima ya mambo makubwa, aliwapa kitu ambacho kila mmoja angeweza kukipiga nyumbani kwake.

## Kusikiliza na kujifunza

Nianze na nini: filamu au rekodi ya sauti?

Filamu, iliyoongozwa na Brian Large, kisha rekodi ya kampuni ya Deutsche Grammophon, ambayo ilipata tuzo ya Grammy. Fahamu kwamba havilingani. Rekodi ya sauti haina polonezi, kwa hiyo ukiitafuta ukaikosa hujaibiwa. Filamu nayo ina maelezo na picha za mji kati ya muziki, na wengine huzichoka.

Usisikilize yote kwa mkupuo mara ya kwanza. Sikiliza Andante ya Mozart, kesho yake preludi ya G meja ya Rachmaninoff, na vaa spika za masikioni, kwa kuwa spika ya simu huzila sauti za chini na zile laini kabisa, na humo ndimo alimofanyia kazi.

Nina kibodi ya vibao 61 tu. Naweza kujifunza kitu cha programu hii?

Unaweza. Piano kamili ina vibao 88, lakini piano za enzi za Mozart zilikuwa na oktava tano, yaani vibao 61 vilevile, ingawa zilianzia chini zaidi kuliko kibodi yako. Itabidi noti chache za besi uzipandishe oktava. Scarlatti na Mozart wanafikika.

Tatizo lako litakuwa uzito wa vibao na pedali. Kibodi ambayo kila mguso unatoa sauti ileile haifai kwa muziki huu. Hakikisha kibodi inapokea nguvu ya kidole, na ununue pedali ya mguu, hata ile ya bei ndogo. Chopin na Liszt subiri mpaka upate piano.

Mwanafunzi wangu anataka *Träumerei* baada ya kuona filamu. Nimpe?

Mpe kwanza kipande cha kwanza cha mkusanyiko huohuo, *Von fremden Ländern und Menschen*. Kina tatizo lilelile la kuimbisha sauti ya juu huku ya kati ikinyamazishwa, lakini mkono haunyooshwi sana. *Träumerei* ina akodi pana na sauti nne zinazotembea kwa wakati mmoja, na mtoto wa mikono midogo huishia kuibabaisha kwa pedali.

Etyudi ya Op. 8 usimpe hata akilia.

## Maswali ya wadadisi

Ajali ya Chernobyl iliathiri ziara?

Ajali hiyo ya kinu cha nyuklia ilitokea usiku wa kuamkia 26 Aprili, siku sita baada ya Moscow. Tarehe 27 Horowitz alipiga Leningrad (St. Petersburg ya leo), na serikali ya Kisovieti ilitangaza ajali jioni ya tarehe 28. Kwa hiyo wasikilizaji wa Leningrad walikaa ukumbini kabla ya tangazo rasmi. Kiev, mji wa utoto wake, uko karibu kilomita 100 kusini mwa Chernobyl, na hakuwa na ratiba ya kupiga huko. Ziara iliendelea Hamburg, Berlin na London.

Ni kweli aliwapigia Warusi muziki wa gwaride la Marekani?

Hapana. Mwaka 1945 aliandaa toleo lake la piano la maandamano ya John Philip Sousa, *The Stars and Stripes Forever*, na rekodi yake huunganishwa na picha za Moscow na watu wasio makini. Halimo kwenye programu ile.

Kwa nini Scarlatti na Mozart wote wana herufi K.? Ni katalogi moja?

Ni mbili. Kwa Mozart, K. ni Köchel, aliyechapa orodha ya kazi zake mwaka 1862. Kwa Scarlatti, K. ni Kirkpatrick, mpiga hapsikodi wa Marekani aliyetoa orodha yake mwaka 1953. Rekodi za zamani za Horowitz hutumia L. badala yake, yaani Longo, na namba haziendani hata kidogo: K. 380 ni L. 23. Ukinunua nota za Scarlatti, linganisha vipimo vya mwanzo kwa macho kabla hujalipa.